Pwani Inataka Ndege Zitue Mombasa, Lakini Siti Imewekewa Jaketi

Cheki tiketi ya ndege ya kutoka London kwenda Mombasa. Njia zenye utaona zinasimama Nairobi, Addis Ababa, Doha ama Istanbul kabla zifike Port Reitz. Ukichukua ya Nairobi, unashuka JKIA ukiwa umechoka baada ya zaidi ya saa 8 hewani, unapiga laini ya uhamiaji, unachukua mabegi, unayaburuta hadi jengo la ndege za ndani, unaketi hapo ukingoja, halafu unapanda ndege ingine ya kama saa 1. Mtalii mwenye watoto wadogo anaangalia hiyo safari mara mbili, anafunga simu, anatafuta bahari pengine.

Hiyo steji ya Nairobi ndiyo wanasiasa na wenye hoteli wa Pwani wamepigia kelele miaka nenda miaka rudi. Wao wanasema, fungueni anga, ndege za nje zije moja kwa moja. Upande ule mwingine, Kenya Airways na wale wanaoitetea kwa gava wanasema ukifungua anga hivyo, ndege yetu ya taifa inakufa. Uchaguzi ukikaribia hii stori inafufuka, watu wanapiga makofi uwanjani, halafu inarudi kulala. Wacha tuichambue mapema, ndio 2027 ikifufuliwa usiuziwe uwoga na upande wowote.

Kwanza, toa hii kwa akili: kwamba ndege inatua mahali kwa sababu kampuni imeamua tu. Zii. Mwaka wa 1944 nchi zilikaa Chicago zikakubaliana kwamba anga iliyo juu ya nchi ni mali ya hiyo nchi. Tangu hapo, ndege ya kibiashara haiingii kwako ikichukua na kushusha watu bila ruhusa yako. Kwa hivyo nchi mbili mbili huketi chini na kuandikiana mkataba: kampuni gani zitaruka, mara ngapi kwa wiki, na miji gani. Hiyo orodha ya miji ndiyo silaha. Kama mkataba umeandika Nairobi peke yake, basi ni Nairobi. Haijalishi kwamba Mombasa kuna uwanja wenye barabara ya ndege ya zaidi ya kilomita 3, wenye ulikuwa unapokea ndege kubwa za watalii kutoka Ulaya kabla wewe uzaliwe.

Ukitaka kuelewa haraka, fikiria mathree. Nganya ya Rongai iko na ruhusa ya kutoa watu Rongai kuwaleta tao, na kuwarudisha. Hakuna mtu ana shida na hiyo. Sasa fikiria siku moja dere wa Rongai afike tao, ashushe watu, halafu makanga aanze kuita "Thika, Thika, beba beba!" Unajua vile wasee wa sacco za Thika Road watamfanyia. Kwa ndege, hiyo ya kuita Thika inaitwa haki ya tano ya anga. Tuseme ndege ya Uturuki inatoka Istanbul, inatua Kilimanjaro, halafu inaendelea Mombasa. Kukuletea watu wa Istanbul ni sawa. Lakini ikitaka kuuzia mtu tiketi ya Kilimanjaro hadi Mombasa peke yake, lazima Kenya na Tanzania zote zikubali. Na kuna ile ingine ngumu zaidi, ya ndege ya nje kubeba watu kutoka Nairobi kuwashusha Mombasa, ndani ya nchi moja. Hiyo karibu kila nchi duniani inakatalia wageni, Kenya ikiwemo.

Sasa ongeza hii. Kenya Airways ilianza Januari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika na shirika la pamoja la East African Airways likafa nayo. Mwaka wa 1996 iliuziwa watu binafsi na kuingia soko la hisa, na KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26. Ikapaa. Halafu ikanunua ndege nyingi kwa mkopo, watalii wakapungua kwa sababu ya ugaidi, Ebola ikaingia Afrika Magharibi, na hesabu zikawa nyekundu mwaka baada ya mwaka. Kufikia 2017 deni lilikuwa limewashinda, ikabidi lipangwe upya. Serikali ikabaki na asilimia 48.9, mabenki ya hapa nyumbani yakageuza deni lao kuwa hisa, na KLM ikashuka hadi chini ya asilimia 8.

Soma hiyo asilimia 48.9 tena. Gava ndiyo mwenye hisa nyingi zaidi kwa KQ. Na ni gava hiyo hiyo inayokaa kwa meza kuamua kama Qatar, Uturuki ama Dubai wataruhusiwa kutua Mombasa, na mara ngapi. Refa ako na hisa kwa timu moja. Halafu viwanja vyenyewe viko chini ya mamlaka ya viwanja, KAA, ambayo inapata pesa kila ndege ya nje ikitua. Kwa hivyo mfuko mmoja wa gava unataka ndege zije na mfuko mwingine hautaki. Ukiona waziri anaongea mambo mawili kwa wiki moja kuhusu hii story, si eti amechanganyikiwa. Anaongea kulingana na mfuko wenye umeguswa.

Tuwe fea kwa KQ kwanza, kwa sababu hoja yao si upuzi. Ndege haijazwi na watu wa Nairobi peke yao. Ile inaenda Lilongwe ama Lubumbashi inajaa kwa sababu kuna msee ametoka London, mwingine Mumbai, mwingine Guangzhou, wote wakakutana JKIA wakabadilisha ndege. Nairobi inafanya kazi kama steji ya Railways: ukitoa mathree za South B hapo, hata wa Ngong Road anaanza kukosa watu. Sasa kampuni ya Ghuba, yenye nchi tajiri nyuma yake, ikipewa Mombasa bila kikomo, haichukui watalii wa Ujerumani tu. Inachukua pia Mkenya wa Mombasa anayeenda Amsterdam, inampitisha kwao, na KQ inapoteza yule mtu kwa ile safari ndefu. Ni hizo safari ndefu zinaweka hiyo kampuni hai. Kuna maelfu ya watu wameajiriwa hapo Embakasi: mafundi, wapishi, wabeba mizigo, wahudumu. Hao si takwimu, ni majirani zako wa Pipeline na Utawala.

Na hali yao si ya kuchezewa. Mwaka wa 2022 KQ ilipata hasara ya zaidi ya Ksh 38 bilioni. Mwaka wa 2023 ilikuwa zaidi ya Ksh 22 bilioni. Mwaka wa 2024 ikashangaza watu na faida ya Ksh 5.4 bilioni, ya kwanza kwa miaka 11. Tukasherehekea kidogo. Halafu nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwa hasara ya zaidi ya Ksh 12 bilioni, kwa sababu ndege 3 kati ya zile 9 za Dreamliner zilikuwa zimelala chini zikingoja injini na vipuri. Wakati huo wote, mkopo wa ndege uliodhaminiwa na serikali uliposhindikana, ni Hazina ya Taifa iliingia kuulipa. Hazina ni wewe. Ni ile kodi inakatwa ukinunua bando.

Sawa. KQ ni mgonjwa, na mgonjwa hulindwa. Swali langu ni kwa nini bili ya hospitali inatumwa Mombasa.

Kwa sababu ukiangalia vizuri, kuna tofauti kati ya kulinda njia yenye unaruka na kulinda njia yenye hurukii. Unajua ile tabia ya msee kuingia mathree, kuweka jaketi kwa siti ya dirisha, halafu anashuka kuenda kununua karanga? Gari inajaa, watu wanasimama, mama ako na mtoto mgongoni, na siti imekaliwa na jaketi. Ukiuliza unaambiwa "iko na mwenyewe." Hivyo ndivyo anga ya Mombasa imekaa kwa miaka mingi. Safari za KQ za kimataifa zinatoka Nairobi. Mombasa wanapata ndege ya kuwapeleka Nairobi, ya KQ yenyewe ama ya Jambojet, na Jambojet iliyoanza Aprili 2014 ni mtoto wa KQ asilimia mia. Kwa hivyo kila mtalii anayelazimika kusimama JKIA ananunua kipande cha pili cha safari, na kuna uwezekano mkubwa anakinunua kwa familia hiyo hiyo. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Nasema usijifanye hujaiona.

Cheki pia vile jaketi ilitolewa pahali kidogo. Desemba 2018 Qatar Airways ilianza Doha hadi Mombasa moja kwa moja. Dunia haikuisha. KQ haikuanguka kwa sababu ya hiyo. Ilikuwa inaanguka tayari kwa madeni yake. Halafu kukaja stori ya Dubai. Flydubai ilipata ruhusa ya Mombasa ikaanza kutua Januari 2024, mara 4 kwa wiki. Na KQ? KQ ilizindua safari yake ya Mombasa hadi Dubai Desemba 2023, mwezi mmoja kabla. Miaka yote hiyo Mpwani anayeenda Dubai kufanya shopping ama kibarua alikuwa anapitishwa Nairobi, halafu ghafla kukawa na ndege mbili zinamgombania ndani ya wiki chache. Mimi si mtabiri, lakini hiyo inaniambia siti ilikuwa inaweza kukaliwa muda wote.

Na usifikirie ni watalii tu. Fikiria kijana wa Likoni ama Kisauni aliyepata kazi ya ulinzi Doha, ama dada wa Kilifi anayeenda kazi ya nyumbani Saudia. Bila ndege ya moja kwa moja, anatoka nyumbani usiku, basi hadi Nairobi, analala kwa mtu Eastleigh, halafu asubuhi anaenda JKIA. Hiyo ni nauli, chakula na malazi kabla hata apate mshahara wa kwanza, na mara nyingi ni pesa ya kukopa. Watu wa Mombasa wamefanya biashara na Oman tangu enzi za majahazi. Tanga likiwa limejaa upepo wa kaskazi, hakuna mtu alikuwa anapitia Nairobi. Nairobi yenyewe haikuwepo.

Ndio maana huko Pwani hii stori ya ndege haisikiki kama stori ya ndege. Inasikika kama ile ya makontena. SGR ilipofunguliwa 2017, serikali iliagiza mizigo ipandishwe treni hadi Nairobi ikafanyiwe ushuru huko. Malori yakalala, gereji za Changamwe na Mariakani zikakauka, vijana wakaingia barabarani kila Jumatatu 2019 wakiandamana. Rais Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba 2022, moja ya maagizo yake ya kwanza ilikuwa kurudisha hiyo kazi Mombasa. Kwa hivyo Mpwani ameshaona mara moja kwamba mtu wa Nairobi anaweza kuandika karatasi moja na mji mzima ukalala njaa, na mwingine akaandika ingine ukaamka. Ukimwambia mambo ya ndege "ni ya kitaalamu, hutaelewa," atakucheka.

Lakini sasa nigeukie waheshimiwa wa Pwani, kwa sababu hao pia kuna vile wanatuchezea. Wanaongea kama anga ikifunguliwa Ijumaa, Jumatatu Diani imejaa. Sivyo. Miaka ya 80 na 90 ndege za kukodiwa kutoka Ujerumani, Uingereza na Italia zilikuwa zinamwaga watu Mombasa, na hazikufukuzwa na KQ. Zilifukuzwa na damu. 1997 kulikuwa na vurugu za Likoni. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise ilipigwa bomu Kikambala, na asubuhi hiyo hiyo makombora mawili yakarushiwa ndege ya Israel ikipaa kutoka Mombasa. Yalikosa. Mei 2014 kampuni za watalii za Uingereza zilikusanya wateja wao kutoka hoteli za Pwani wakiwa katikati ya likizo, zikawarudisha kwao, na kusimamisha safari. Mwezi uliofuata ikawa Mpeketoni. Hakuna mkataba wa anga ungeleta ndege wakati huo.

Na kuwa na jina la kimataifa hakuleti ndege. Muulize mtu wa Kisumu. Zamani za ukoloni, ndege za Imperial Airways zinazotua majini zilikuwa zinasimama Kisumu, Ziwa Victoria, zikielekea kusini mwa Afrika. Kisumu ilikuwa steji ya dunia kabla Embakasi ijengwe. Uwanja wake ukakarabatiwa, ukafunguliwa upya 2012 na kuitwa wa kimataifa. Nenda leo utafute ndege ya abiria ya ratiba ya Kisumu kwenda Ulaya. Nitakungoja hapa.

Ndege inafuata watu, na watu wanafuata bei, usalama na raha. Zanzibar hapo kando ilifungua jengo jipya la abiria 2021, na mwaka wa 2024 ilipokea wageni zaidi ya 700,000 kwa kisiwa chenye wakazi hawafiki milioni 2. Ndege za kutoka Ulaya zinatua hapo moja kwa moja. Huko hakuna KQ ya kulinda kisiwani, kweli, lakini pia kuna hoteli mpya, bichi safi na hadithi moja wanayouza bila kuchoka. Sisi mtalii wa Diani alikuwa anatua Mombasa halafu anakaa kwa foleni ya feri ya Likoni na jua la saa nane. Barabara ya Dongo Kundu imesaidia hapo, inatoka upande wa uwanja wa ndege hadi Kusini bila feri. Lakini wengi walishazoea kuruka kutoka Nairobi hadi Ukunda, na Mombasa wanaiona kwa dirisha. Gavana anayelia kuhusu anga angetuambia pia amefanya nini na bichi, na taka, na vijana wa mapanga wa Kisauni. Hayo yako mkononi mwake, hayahitaji sahihi ya Doha.

Kuna nchi ingine ilipitia hii vita hadi mwisho, na ni vizuri uijue kwa sababu wanasiasa wetu hawaitajangi. Ayalandi. Huko kuna mji mdogo unaitwa Shannon, magharibi kabisa mwa nchi. Zamani ndege za kuvuka Atlantiki zilikuwa lazima zitue hapo kuongeza mafuta. Mwaka wa 1947 wakafungua hapo duka la kwanza duniani la bidhaa zisizotozwa ushuru uwanjani. Mji ukaomoka. Halafu ndege za jeti zikaja, zenye zingeweza kuruka Dublin hadi New York bila kusimama. Je, zikaruhusiwa? Zii. Serikali ikaweka sheria: ndege ya Marekani lazima isimame Shannon. Yani unatoka Dublin, unaruka dakika chache, unatua Shannon, unakaa, halafu ndio unaenda Marekani. Wasee wa Dublin walilia vile Mombasa wanalia leo. Ni hadithi yetu ikiwa imegeuzwa kichwa chini: huko mkoa ndio ulikuwa umeshikilia siti ya mji mkuu.

Serikali ilipolegeza 1993, wabunge wawili wa eneo hilo, mmoja akiwa mjukuu wa Éamon de Valera, walitoka kwa kundi la bunge la chama tawala wakipinga. Hata baada ya hapo ikawa ni lazima idadi fulani ya safari ipitie Shannon, na ikachukua hadi 2008, mkataba wa Ulaya na Marekani ulipoanza kufanya kazi, ndio ile lazima ikaisha kabisa. Shannon ilipoteza watu wengi. Lakini 2009 walipata kitu: abiria anapigwa muhuri wa uhamiaji na forodha za Marekani hapo hapo Shannon, akifika New York anatoka kama mtu wa ndani. Walitafuta sababu ya ndege kuja kwa hiari, baada ya miaka zaidi ya 60 ya kuilazimisha.

Nachotoa hapo ni kitu kimoja. Steji ya kulazimishwa inalisha mtu mmoja na kukatia mwingine, na wenye kulishwa wakizoea, kuitoa kunavunja hata vyama. Ndio maana inafaa iwe na tarehe ya kuisha.

Kama Nairobi inadhani kubana hakuna gharama, ikumbuke Januari 2024. Air Tanzania ilitaka kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi zingine, ile ile haki ya tano tulisema. Kenya ikakataa. Tanzania ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 22 Januari, KQ haitabeba abiria Nairobi hadi Dar es Salaam. Hizo ni safari zinazojaa wafanyabiashara kila siku. Ndani ya siku chache mawaziri walikuwa wanapigiana simu, na marufuku ikaondolewa. Unaona? Ulinda kuku, ukakaribia kupoteza ng'ombe. Na Kenya hiyo hiyo ilikuwa kwa nchi 23 zilizoanzisha soko moja la anga la Afrika Januari 2018, ikipiga picha na kutabasamu.

Kwa hivyo mimi nasimama wapi? Sitaki anga ifunguliwe yote kwa kila mtu bila kikomo, kwa sababu najua ni nani atalipa deni la KQ ikifungwa. Lakini jaketi itoke kwa siti. Njia yoyote ya kimataifa ya Mombasa yenye KQ hairuki, ama haijatangaza tarehe ya kuanza kuruka, ipewe anayeitaka, kwa muda wa miaka kadhaa, halafu tuangalie hesabu. KQ ikitaka kurudi, irudi ishindane. Ile ya Dubai imeonyesha inaweza kuzindua safari haraka ikiona mtu anakaribia dirisha. Na kama taifa limeamua kwamba lazima KQ isaidiwe, basi isaidiwe kwa bajeti, mbele ya bunge, tuone ni pesa ngapi. Kumsaidia kwa kumfungia mwendesha tuktuk wa Mtwapa mlango ni kodi pia, ila hiyo haisomwi na mtu Juni.

Shida ni kwamba hii mikataba haionekani. Unasikia kwamba kampuni fulani "imenyimwa" ama "haijaomba," na huna njia ya kujua nani anadanganya. Waziri anasema hawajaomba. Mwenye hoteli anasema waliomba wakazungushwa. Na tumeona mambo ya uwanja wa ndege yakifichwa vile yanaishia. Mpango wa kukodisha JKIA kwa Adani ulijulikana 2024 kwa sababu karatasi zilivuja na Mkenya mmoja kijana, Nelson Amenya, akaziweka hadharani. Septemba mahakama ikasimamisha, wafanyakazi wa uwanja wakagoma, na Novemba Rais akaufuta mbele ya bunge. Hiyo yote ilianza na watu kusoma.

Mkataba wa anga nao ni karatasi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuitisha habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inasema ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Anayeshika hizo karatasi ni mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na wizara ya uchukuzi. Barua haihitaji wakili. Unaandika: ni miji gani ya Kenya imetajwa kwa mkataba wetu na Qatar, na Uturuki, na Falme za Kiarabu, na tangu 2018 ni maombi mangapi ya kutua Mombasa yamekataliwa. Ukipata jibu tuwekee kwa komenti. Ukikosa jibu baada ya hizo siku 21, tuwekee hiyo pia, na tarehe.